Husuni Kubwa nayo itajwe

Ukitaja majumba ya kale yaliyojengwa mahali pa juu, usiiache Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, pwani ya Tanzania. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliijenga karne ya 14 juu ya mwamba unaotazama bahari: vyumba zaidi ya 100 vya mawe ya matumbawe, na birika la kuogea lenye pembe nane!

Kilwa ilitengeneza sarafu zake za shaba. Zama hizohizo, huku kwetu Katanga, wazee walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu za misalaba. Watoto wetu hapa Lubumbashi wanajua jumba la Versailles la Ufaransa kuliko Kilwa, na hilo linaniuma sana.