Ni Nani Atakayebaki na Ndugu Yetu?

Sisi tu watoto watano wa nyumba moja, tuliolelewa Igombe, kando ya Ziwa Viktoria, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Kitinda mimba wetu ana usonji. Alichelewa kusema, na ngoma zilipopigwa kanisani aliziba masikio na kukimbia. Wazazi wetu walipoteza ng'ombe wawili kwa waganga, kwa kuwa watu walinena kwamba mtoto amerogwa. Hakurogwa. Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti tangu utotoni. Hauambukizi, si laana, wala si malipo ya dhambi ya mama. Hata wanafunzi wa Yesu walidhani hivyo juu ya yule kipofu katika Injili ya Yohane, naye Bwana akawakatalia.

Leo ndugu yetu ni mtu mzima mwenye ndevu, na mashaka yetu yameongezeka. Mtoto wa miaka sita akipiga kelele wakati wa Misa, watu humhurumia. Mwanamume wa miaka thelathini akifanya vivyo hivyo, humwogopa. Usiku mmoja walinzi wa mtaa walimpiga kwa sababu hakujibu alipoulizwa jina lake.

Hata hivyo, yeye si mzigo tu. Mwaloni huanika dagaa safu kwa safu na kuwageuza bila kuchoka, na wenye mali humwita wenyewe. Taabu huja wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazivuti samaki vizuri. Alikuwa akifika alfajiri, akikuta mchanga mtupu, akilia na kujipiga. Ilituchukua miaka mingi kutambua kwamba si ukaidi, bali utaratibu wa siku yake umevunjika. Sasa dada yetu humwekea alama za siku hizo kwenye kalenda, na fadhaa imepungua.

Dada huyo ndiye aliyebaki naye. Sisi wengine tulituma fedha kila Noeli, tukajiona tumetimiza wajibu. Baba alipofariki, kikao cha ukoo kilipendekeza sehemu ya shamba ya kitinda mimba igawanywe kwa wengine, eti hataoa. Tulinyamaza. Dada peke yake ndiye aliyepinga.

Tunakiri kwamba ukimya ule ulikuwa dhuluma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua haki yao ya kumiliki na kurithi mali sawa na wengine. Mwaka 2010 nchi yetu ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini sheria haiketi katika kikao cha ukoo. Tunaoketi ni sisi.

Kwa hiyo yatupasa kusema wazi: kumtunza ndugu mwenye usonji si kazi ya dada mmoja hadi azeeke. Kwanza, familia ziandike mapema, wazazi wangali hai, nani atakaa naye, kwa zamu gani, na mali yake italindwaje. Sisi tumefanya hivyo kwa kuchelewa, na shamba lake limerudi. Pili, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wamjue kwa jina, na wamtambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa walinzi, asije akapigwa kwa kosa la kunyamaza. Tatu, jumuiya impokee mlezi wake kwa siku moja tu ya juma, apate kwenda sokoni, hospitalini, au kulala.

Tumezoea kupeleka sabuni na sukari kwa wagonjwa, na ni jambo jema. Lakini dada yetu hakuomba sukari. Aliomba mtu wa kuketi na ndugu yake tangu asubuhi hadi jioni. Je, katika jumuiya yako, ni nani anayesubiri ombi kama hilo lijibiwe, na ni nani atakayekwenda Jumamosi hii?