Usianze na c, anza na nukta uliyopewa

Kila ninaposahihisha mitihani ya majaribio ya Kidato cha Nne hapa Dakawa, nakutana na kosa lile lile. Swali linasema: tafuta mlinganyo wa mstari wenye mteremko −2 unaopita kwenye nukta (3, 5). Mtahiniwa anaandika y = −2x + 5, anapigia jibu mstari, anakwenda swali linalofuata. Ile 5 ameitoa kwenye nukta na kuiweka mahali pa c. Lakini c ni thamani ya y pale x inapokuwa 0, na hapa x ni 3.

Simlaumu sana. Sisi walimu ndio tuliomkaririsha y = mx + c tangu Kidato cha Kwanza, hata sasa akiona mteremko, mkono unatafuta c wenyewe. Kwa maoni yangu, umbo hilo lije mwishoni mwa kazi, si mwanzoni.

Fikiria mifereji ya mashamba yetu ya mpunga, inayopeleka maji ya Mto Wami majarubani. Tuseme sakafu ya mfereji inashuka sentimita 5 kila mita 100. Kwenye kigingi kilicho mita 600 kutoka mwanzo wa mfereji, sakafu iko sentimita 80 juu ya alama ya kupimia. Je, kwenye mita 1,000? Nimewauliza swali hili wanafunzi wanaodai hesabu si zao, wakajibu bila kalamu: zimeongezeka mita 400, imeshuka 20, imebaki 60. Hakuna aliyerudi mwanzo wa mfereji kutafuta c. Walianzia mahali wanapopajua.

Walichofanya kinaandikwa hivi:

y − y₁ = m(x − x₁)

Yaani, tofauti ya y ni mteremko mara tofauti ya x. Sasa lile swali la kwanza:

y − 5 = −2(x − 3)
y = −2x + 11

c ni 11, imejitokeza yenyewe. Hakiki: x ikiwa 3, y = −6 + 11 = 5. Ni kazi ya nusu dakika, na bado wengi wanaikwepa.

Mara nyingine mteremko hufichwa. Mstari unapita (4, −1) na ni wima kwa mstari 2x + 3y = 6. Mteremko wa mstari uliotolewa ni −2/3. Zao la miteremko ya mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba ni −1, hivyo wako ni 3/2. Angalia alama: y − (−1) ni y + 1.

y + 1 = 3/2(x − 4)
2y + 2 = 3x − 12
3x − 2y − 14 = 0

Njia hii inagoma mahali pamoja tu: mstari unaosimama sambamba na mhimili wa y. Huo hauna mteremko wa kuandika. Ukipita (4, −1), mlinganyo wake ni x = 4, basi.