Nembo ya mji itokane na wananchi wake

Mji unapofufuka, mambo yanayoshughulikiwa kwanza ni barabara, maji na majengo. Nembo hufikiriwa mwisho, tena kwa haraka. Mtu mmoja hupewa kazi hiyo, akachora mlima, jua linalochomoza na mikono miwili inayoshikana, kisha picha hiyo ikapigwa juu ya barua na mabango. Wananchi huizoea bila kujua maana yake, wala hawaulizwi kama inawahusu. Utaratibu huo haufai. Nembo ni tamko la jamii juu ya nafsi yake, na hakuna jamii inayoweza kusemewa na mgeni jambo la namna hiyo.

Suala hili linaigusa miji midogo inayokua kandokando ya barabara kuu. Chukua mfano wa Kifaru, katika tambarare ya Upareni, kwenye barabara itokayo Same kwenda Moshi. Kama siku moja wakazi wake wataamua kujichagulia nembo, wengi watasema kuwa kazi imekwisha kabla ya kuanza: jina ni Kifaru, basi achorwe kifaru. Mnyama huyo ana heshima yake, na sura yake imo katika noti ya shilingi 5,000.

Lakini haifai kumchora bila kufikiri. Katika miaka ya 1960 nyika ya Mkomazi, iliyo jirani na Same na iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951, ilikuwa na vifaru weusi zaidi ya 100. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha. Mwaka 1997 ilibidi waletwe vifaru wanne kutoka Afrika Kusini ili kizazi kianze upya ndani ya uzio, chini ya ulinzi wa askari. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa Hifadhi ya Taifa. Kwa hiyo kifaru atakayechorwa Upareni hawezi kuwa alama ya majivuno peke yake. Yeye ni alama ya deni. Anamkumbusha kila mpita njia kwamba mali ya wote isipolindwa na wote hutoweka, na kwamba kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kuitunza. Kifaru wa namna hiyo ana maana.

Zaidi ya mnyama, Upareni ina utajiri wa alama zilizotokana na kazi. Kuna ndiva, yaani mabwawa ya asili ambayo wazee walichimba milimani ili maji ya vijito yakusanyike usiku na mchana yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Kuna ufundi wa ukoo wa Washana, waliofua chuma huko Ugweno, na majirani zao Wachaga wakakitafuta chuma hicho. Kuna mkonge, uliotandazwa katika tambarare hiyo enzi za ukoloni na kuwachosha vibarua wengi kwa ujira mdogo. Na juu ya yote kuna msaragambo, desturi ya Wapare ya kutoka pamoja kufanya kazi ya wote. Neno hilo limetoka mlimani likaenea nchini. Haidhuru nembo ikichukua alama moja au mbili tu katika hizo, mradi iwe imechaguliwa na watu wanaojua jasho lililo ndani yake.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni anasa, kwamba nembo haileti maji wala haijengi zahanati. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Wananchi wa Same na Mwanga wanaifahamu kiu. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya kungojwa kwa zaidi ya miaka 10. Mbele ya watu waliobeba ndoo kwa muda wote huo, kutumia fedha za umma kununua mchoro wa bei ghali ni dhihaka.

Jibu la hoja hiyo si kuiacha nembo. Jibu ni kuipata kwa njia ya kujitegemea na kuiweka mahali pake. Nembo isitangulie kazi, bali iifuate. Ipakwe kwenye kisima kilichokamilika, kwenye ukuta wa darasa lililoezekwa, kwenye lango la soko linalofagiliwa. Ikifanywa hivyo, mwananchi ataisoma kama muhuri wa kazi yake. Ikitangulia, itakuwa tangazo la viwanja tu, nao walanguzi wa ardhi watakuwa wa kwanza kuitumia.

Kariakoo inatoa funzo. Soko lake lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Mapaa yake ya zege, yaliyokunjuka kama miavuli iliyopinduliwa, yalibuniwa ili yafunike wachuuzi na kukusanya maji ya mvua. Hakuna aliyewaamuru wakazi wa Dar es Salaam kuyafanya alama ya mtaa huo. Yalikuwa alama kwa sababu yaliwafaa. Ndiyo maana moto ulipoliunguza soko Julai 2021, majonzi hayakuwa ya wenye vibanda peke yao.

Kuhusu uchoraji wenyewe, yapo masharti yasiyokwepeka. Ngao ya Taifa hubeba mambo mengi, tangu Mwenge hadi karafuu na pamba, kwa kuwa inasimulia habari za nchi nzima. Nembo ya mji mdogo haina uwezo huo. Haina budi kutambulikana na abiria aliye ndani ya basi linalokwenda kasi, kupakwa kwa brashi na fundi wa kawaida, na kusomeka katika mhuri wa ofisi wenye rangi moja. Mtoto wa shule aweze kuichora mchangani kwa kijiti. Mchoro unaoshindwa mtihani huo, hata ukiwa mzuri namna gani, utafaa kutundikwa ukutani tu.

Halafu liko suala la haki. Mei 2017 Watanzania walipata habari za mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyesema kuwa alishiriki kuichora Ngao ya Taifa. Alikutwa akiishi katika hali duni Buguruni, na mwezi uo huo akafariki dunia. Walitokea pia wengine waliodai heshima hiyo. Ubishi wa namna hiyo ni aibu, nao una dawa rahisi: jina la mchoraji liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, asomewe ahsante hadharani, na alipwe ujira wake siku ya kazi.

Basi miji midogo isisubiri kuletewa nembo kutoka mbali. Mkutano wa kijiji uitishwe. Wazee waseme habari za mahali, vijana wenye vipaji wachore, walimu wazibandike picha hizo shuleni kwa mwezi mzima ili kila mtu azione, kisha wananchi wachague kwa kura. Gharama yake ni karatasi na rangi. Faida yake ni kwamba siku mtu mwovu atakapokuja kukata mti wa chanzo cha maji au kupora kiwanja cha shule, atakuta alama ambayo watu waliichagua wenyewe, nao watakuwa tayari kuilinda.