Ukiona Vyaelea, Vimeundwa



Siku hizi wako mafundi katika Japani, Uingereza na Marekani waundao kwa mikono vyombo vya kusikilizia muziki kwa namna ya miaka ya 1950: amplifaya zenye valvu za kioo, spika zilizotiwa katika makasha ya mbao nzito, na mashine za santuri zenye sahani nene ya chuma. Bei ya chombo kimoja yaweza kupita bei ya motokaa. Wenzangu wakisikia habari hizi hugawanyika. Wengine hucheka, wakisema huo ni upuuzi wa matajiri waliochoka na fedha zao. Wengine hustaajabia bei, kana kwamba bei ndiyo inayoimba. Mimi naona pande zote mbili zimepitwa na jambo kubwa zaidi, nalo latuhusu sisi wa shule hii, hasa mwaka huu ambapo wanafunzi wa zamani wanachanga fedha za kutununulia vyombo vipya vya sauti vya ukumbi.

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna waya uwakao moto, nao hutoa elektroni. Elektroni hizo huvutwa na bamba lenye umeme wa volti mia kadhaa. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza kipande cha tatu katikati, ambacho baadaye kilikuwa wavu. Umeme kidogo ukitiwa katika wavu huo hutawala mkondo mkubwa upitao, kama mkono wa mtoto ufunguavyo bomba la maji. Kwa njia hiyo sauti hafifu ikapata kukuzwa.

Lakini valvu hutoa volti nyingi na mkondo mdogo, na spika yataka kinyume chake. Kwa hiyo kati yao huwekwa transfoma, na hapo ndipo ufundi wa mkono ulipo. Waya wa kuingilia na waya wa kutokea huzungushwa tabaka juu ya tabaka, kwa kupishana. Fundi akifanya ovyo, sauti nyembamba za juu hupotea. Akibana matumizi ya chuma, sauti nzito za chini hupotea. Huko Japani, fundi Hiroyasu Kondo alisifiwa kwa kuzungusha transfoma zake kwa waya wa madini ya fedha. Mwenzake Ken Shindo, aliyefariki mwaka 2014, alikusanya valvu za zamani na kuzifufua mashine za santuri za Garrard zilizotoka Uingereza, akaviuza vyombo vyake kwa watu wa mbali. Huko Marekani valvu iitwayo 300B, iliyotoka mwaka 1938, bado yatengenezwa hata leo.

Sasa jambo wasilolijua wengi ni kwamba elimu iliyo chini ya vyombo hivyo vya bei kubwa ilikwisha kutolewa bure zamani. Mwaka 1947 D. T. N. Williamson alichapisha katika gazeti la Wireless World la Uingereza mchoro wa amplifaya ya wati 15, yenye valvu mbili za KT66 mwishoni, ambayo upotoshaji wake wa sauti haukuzidi asilimia 0.1. Hakuficha kitu. Alieleza kila kipande na thamani yake, hata hesabu ya mizunguko ya waya katika transfoma. Watu wa nchi nyingi wakaiunda nyumbani kwao. Na mwaka 1959 kampuni ya Dynaco ya David Hafler, huko Philadelphia, ikaanza kuuza amplifaya ya Stereo 70 ikiwa vipande. Mtu alinunua sanduku na kitabu cha maelezo, akaketi mezani kwake na chuma cha kulehemu, akainuka akiwa na chombo kamili na elimu juu yake. Kwa hiyo anayelipa leo bei ya motokaa ananunua kazi ya mikono, saa nyingi na vipande adimu. Siri hainunui, maana siri haipo.

Je, vyombo vya valvu husikika vizuri kuliko vya transista? Lazima tuseme kweli. Mwaka 1978 huko Uingereza wasikilizaji walipewa kazi ya kulinganisha amplifaya tatu za kampuni ya Quad: moja ya valvu, iliyotoka mwaka 1953, na mbili za transista, za miaka ya 1967 na 1975. Hawakuambiwa ipi inalia. Majibu yao hayakuwa bora kuliko ya mtu anayebahatisha. Tena valvu hula umeme mwingi na kutoa joto jingi, na zile za 300B, moja kwa kila upande, hutoa wati kama 8 tu. Mtu akitaka kuujaza ukumbi wetu kwa sauti ya valvu, nitamwambia anapoteza umeme wa shule. Sisemi basi tuige valvu zao.

Ninalosema ni hili: tuige desturi yao. Chombo cha namna ile hufunguliwa kwa bisibisi. Ndani kila waya waonekana, kila kipande chajulikana jina lake na kazi yake, na kikichoka chaweza kubadilishwa peke yake. Ndiyo maana amplifaya ya mwaka 1953 yaweza kuimba hata leo, na valvu zake bado zauzwa zikitoka Slovakia, Urusi na China. Tazameni kwa upande wa pili vile visanduku vya plastiki ambavyo amplifaya na spika vimefungwa pamoja. Kipande kidogo kikiungua, fundi huambiwa abadilishe bodi nzima. Bodi isipopatikana, kisanduku chote hutiwa stoo, na mchango mwingine huanza. Mwenye chombo asichoweza kukifungua ni mpangaji tu, ijapokuwa risiti iko mfukoni mwake.

Kwa hiyo, wazee wetu mliosoma hapa, twawashukuru kwa moyo wenu mwema, nami nawaomba jambo moja. Katika fedha mnazochanga, tengeni sehemu ya vifaa vya kazi: vyuma vya kulehemu, mita za kupimia umeme, spika zisizo na makasha, na vipande vya amplifaya ndogo za transista za volti 12. Mbao za mvule zapatikana, na maseremala twawajua. Wanafunzi wa fizikia wapige hesabu ya ukubwa wa kasha, wengine wapime na kukata, wengine walehemu. Chombo chochote kitakachonunuliwa kwa ajili ya ukumbi kiwe cha namna inayofunguka, na mchoro wake ubandikwe ukutani. Valvu zingoje mpaka awepo mwalimu wa kusimamia, kwa sababu volti 400 si za kuchezea, na kapasita huweza kuuhifadhi umeme huo hata baada ya swichi kuzimwa.

Najua yatakayojibiwa. Mmoja atasema tumekuja hapa kufaulu mitihani. Vema, lakini transfoma, mkondo wa umeme na mawimbi ya sauti vyote vimo katika masomo yetu, na wengi wetu twavikariri kama sala ya lugha ngeni. Mwingine atasema kitakachoundwa na wanafunzi kitavuma tu badala ya kuimba. Huenda kikavuma mara ya kwanza. Basi tutatafuta chanzo cha mvumo: pengine waya wa ardhi umeunganishwa pabaya, pengine transfoma imekaa karibu mno na waya wa kuingizia sauti. Mwanafunzi aliyeusaka mvumo mpaka akaukomesha amejifunza umeme kuliko aliyejaza daftari tatu.

Wazee wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi vijana tumezoea kuviona vyaelea tu, tukaridhika kuuliza bei. Mimi namaliza masomo mwaka huu, na meza ya kulehemu ikipatikana sitaifaidi. Lakini ningefurahi kurudi siku moja nikiwa mwanafunzi wa zamani, nisikie kwaya katika ukumbi kupitia spika zilizoundwa hapa, na nikiuliza nani atazitengeneza zikiharibika, mtoto wa kidato cha pili aniambie, "Mimi, bwana."

Haya ni maoni yangu. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa kidato cha sita