Tarehe Hiyo Umeipata Wapi?



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa bado watoto makanisa yetu yalipofungwa kwa sababu ya korona. Mnakumbuka likizo ndefu isiyo na furaha, ndoo za maji na sabuni mbele ya kila mlango, na ile barakoa tuliyoiita kashene, ambayo wengi waliivaa kidevuni. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwalimu kwa mafunzo na katekista kwa wito, na kumbukumbu yangu ni nyingine. Nakumbuka kwamba nilitabiri siku ya kufunguliwa, kwamba nilikosea, na kwamba watu walikuwa wameniamini.

Nawaandikia juu ya kosa hilo kwa sababu nafasi ya kulitenda tena itakuja. Mwezi wa Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari ya kimataifa kwa ajili ya ugonjwa wa mpox, na nchi yetu ndiyo iliyokuwa katikati ya ugonjwa huo. Siku moja wadogo zenu watawauliza ninyi: "Tutafunguliwa lini?" Ni vema kujifunza mapema namna ya kujibu.

Tarehe 18 Machi 2020 Rais wa Jamhuri alitangaza kwamba kuanzia kesho yake shule na vyuo vikuu vitafungwa, mikutano ya watu zaidi ya 20 itakatazwa, na ibada zitasimamishwa kwa muda wa wiki nne. Nilichukua kalenda ya parokia nikahesabu. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 12 Aprili, basi ubatizo wa usiku wa Pasaka haukuwezekana. Lakini wiki nne zingetimia katikati ya Aprili, na tarehe 19 ilikuwa Jumapili ya Huruma ya Mungu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikawaambia wakatekumeni wangu 32: "Mtabatizwa tarehe 19." Wazazi walinunua vitambaa vyeupe. Mama mmoja aliuza mbuzi wake wa pekee ili karamu isikose kitu.

Tarehe 19 ilipita. Hali ya dharura, iliyotangazwa tarehe 24 Machi kwa siku 30, iliongezwa siku 15, kisha 15 nyingine, na nyingine tena, hadi mwezi wa Julai. Nami niliongeza tarehe zangu. Nilisema Pentekoste, yaani tarehe 31 Mei. Pentekoste ilipopita nikasema Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, tarehe 29 Juni. Kila mara nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Ndipo kijana mmoja wa miaka kumi na saba aliponiuliza, kwa heshima, macho yake yakiwa chini: "Mwalimu, tarehe hiyo umeipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Tarehe ya kwanza niliipata katika tangazo la serikali. Zilizofuata nilizipata katika hamu yangu mwenyewe.

Makanisa yalifunguliwa tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Tuliahidiwa siku 28, tulingoja 149. Kati ya wakatekumeni 32 walirudi 19. Wavulana kadhaa walikuwa wamekwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Wasichana wawili walikuwa tayari katika nyumba za wanaume, mmoja akiwa mja mzito. Yule kijana aliyeniuliza swali hakuwa miongoni mwa waliorudi. Sisemi kwamba tarehe zangu ndizo zilizowapoteza wote. Njaa na uvivu wa miezi mitano vilifanya kazi yake. Lakini mtu uliyempa tarehe hukaa akiingoja. Ikimdanganya mara tatu, huacha kungoja, na pamoja na tarehe humwacha na yule aliyempa.

Je, ni vibaya kutabiri? Hapana. Mkulima asiyekadiria mvua hatapanda. Kosa letu lilikuwa katika swali. Sote tuliuliza "lini?" Anayetaka kufahamu jinsi vizuizi vitakavyoondolewa aulize kwanza maswali mengine matatu.

Swali la kwanza: je, kuna kipimo? Sisi wa Kivu ya Kaskazini tulikuwa na shule nzuri ya swali hili, kwa maana wakati ule ule tulikuwa tukitoka katika Ebola. Mwisho wa Ebola una kanuni: zihesabiwe siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho aonekane hana tena virusi. Siku hizo ni mara mbili ya 21, muda mrefu kabisa ambao ugonjwa hujificha mwilini kabla ya kuonyesha dalili. Hata mama muuza ndizi wa Beni aliweza kuhesabu pamoja na daktari. Nasi tulihesabu, na mwisho ulitarajiwa karibu na Pasaka. Lakini tarehe 10 Aprili 2020, siku ya Ijumaa Kuu, zikiwa zimebaki siku chache tu, mgonjwa mpya alithibitishwa mjini Beni. Hesabu ilianza upya. Mwisho ulitangazwa tarehe 25 Juni, baada ya karibu miaka miwili, wagonjwa 3470 na vifo 2287.

Angalieni vema. Hata matumaini yetu ya Ebola yalipovunjika, tulijua kwa nini yamevunjika, na tulijua ni siku gani tutaanza tena kuhesabu. Korona ilikuwa namna nyingine. Wengi waliibeba bila dalili yoyote, vipimo vilikuwa vichache, na hapa kwetu hatukuwahi kuambiwa ni idadi gani ya wagonjwa itakayofungua mlango gani. Pasipo kipimo, tarehe ni tamaa iliyovikwa namba.

Swali la pili: nani hawezi kuvumilia zaidi? Mwishoni mwa Machi 2020 wakuu wa Kinshasa walitangaza kwamba mji mzima utafungwa. Mara moja bei za vyakula zilipanda, na mpango huo uliahirishwa kabla ya kuanza. Badala yake, tarehe 6 Aprili, komini moja tu ilifungwa, ile ya Gombe, yenye maofisi na mabenki. Mji ambao watu wake hula jioni walichokitafuta asubuhi hauwezi kufungwa kwa muda mrefu, hata kama kila mtu anaogopa ugonjwa. Aliyekuwa na jicho la kuona angeweza kutabiri tangu mwezi ule kwamba kufungua nako kutafuata njia ya mkate na ya fedha.

Ndivyo ilivyotokea. Tarehe 22 Julai yalifunguliwa maduka, mabenki, hoteli za kulia, mabaa na usafiri wa watu wengi. Shule zilipangiwa tarehe 3 Agosti. Makanisa yalikuja mwisho, tarehe 15 Agosti, pamoja na viwanja vya michezo, viwanja vya ndege na mipaka. Wengi wetu walinung'unika kwamba Kanisa linateswa. Mimi siafiki. Watu mia tano waliojaa katika jengo moja, wakiimba kwa nguvu saa mbili, ni mahali pazuri kwa ugonjwa unaosafiri kwa pumzi. Kuwekwa mwisho hakukuwa chuki dhidi ya imani, na Mkristo asiwe mwepesi kujivika taji ya mashahidi ambayo hakuistahili.

Lakini nina manung'uniko mengine, nami sitayaficha. Mabaa yalitangulia shule. Na zamu ya shule ilipofika, yalirudi kwanza madarasa yenye mitihani ya serikali tu. Watoto wengine walingoja hadi mwaka mpya wa masomo ulipoanza tarehe 12 Oktoba. Kati ya chupa ya kwanza kuwekwa mezani na watoto wengi kurudi kwenye dawati, ilipita karibu miezi mitatu. Chupa ina kodi, na mwenye baa ana sauti. Mtoto wa darasa la tatu hana kodi wala sauti. Basi mkitaka kujua nani atafunguliwa kwanza, tazameni nani ana sauti. Na mkitaka kuwa Wakristo, muwe sauti ya yule asiyekuwa nayo. Hilo ni jambo ambalo vikundi vyetu vingeweza kulifanya mwaka ule, navyo vilikuwa kimya vikidai kanisa lao tu.

Swali la tatu: nini kinaweza kukirudisha kizuizi? Tulipoingia kanisani tarehe 15 Agosti tuliimba kana kwamba mambo yamekwisha. Tarehe 18 Desemba ya mwaka ule ule ilikuja amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu ya usiku hadi saa kumi na moja ya alfajiri, na shule zilifungwa tena, zisifunguliwe hadi tarehe 22 Februari 2021. Vizuizi huja kwa usiku mmoja, huondoka ngazi kwa ngazi, na huweza kupanda tena ngazi zile zile. Anayetabiri kufunguliwa bila kufikiri juu ya kurudi ametabiri nusu tu.

Katika Maandiko yuko mtu mmoja aliyefungiwa muda mrefu pamoja na jamaa yake yote: Nuhu. Nimesoma habari yake na watoto wa katekisimu mara nyingi, lakini ni mwaka ule tu nilipoona kwamba hakuwapa jamaa zake tarehe. Alifungua dirisha kabla ya mlango. Alituma njiwa, akarudi. Alingoja siku saba, akamtuma tena. Alingoja siku saba nyingine. Hata alipoona kwa macho yake kwamba uso wa nchi umekauka, bado hakutoka hadi alipoambiwa. Na katika siku zile zote za kungoja kulikuwa na wanyama wa kulisha kila asubuhi. Safina haikuwa chumba cha kukaa bure.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipolala, nami naikiri mbele yenu. Tangazo la Machi lilikataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Halikukataza watu wanane kuketi chini ya mti, mmoja mbali na mwenzake. Ningeweza kuwagawa wakatekumeni wangu 32 katika makundi manne na kuendelea kuwafundisha tangu wiki ya kwanza. Kwa nini sikufanya hivyo? Kwa sababu nilisadiki tarehe yangu mwenyewe. Nilijiambia: "Zimebaki siku chache, ya nini kujisumbua?" Nilijiambia hivyo kwa miezi mitano. Tarehe ya uongo iliwadanganya waliongoja, lakini ilianza kwa kunipa mimi ruhusa ya kutofanya kitu.

Mtu ataniambia: "Lakini Mwalimu, watu wanahitaji matumaini, na tarehe hutia moyo." Ni kweli, hutia moyo, mpaka siku ile inapopita. Wako wahubiri waliotoa tarehe hata kwa jina la Mungu, na ninajua watu ambao hawasali tena kwa sababu hiyo. Matumaini ya Kikristo hayakai juu ya kalenda. Yanakaa juu ya uaminifu, na uaminifu huonekana katika kazi ya leo.

Shule zilipofungwa tena Desemba 2020, sikutoa tarehe yoyote. Wazazi waliponiuliza nilisema: "Sijui, na anayesema anajua mwulizeni amepata wapi." Kisha niliwakusanya watoto wa darasa la sita wa mtaa wetu, wanane asubuhi na wanane alasiri, chini ya mti wa parachichi nyuma ya nyumba yangu, na ubao mmoja uliopasuka. Vijana wawili wa Kiro walinisaidia hesabu. Februari ilipofika, watoto wote kumi na sita walirudi darasani. Mama wa yule mbuzi alimleta kwangu binti yake mdogo. Sikujua nimtazame wapi usoni, lakini alimleta.

Basi vijana wa Xaveri, wa Kiro, wa Kizito-Anuarite, na ninyi wote wa kwaya na jumuiya ndogo: mlango ukifungwa tena, kwa ugonjwa huu au mwingine, wadogo zenu watawauliza "lini?" Waambieni kwamba hamjui siku. Waambieni kama kuna kipimo, na kipimo kimefika wapi. Waambieni nani huenda akafunguliwa kwanza na kwa nini, na nini kinaweza kutufungia upya. Baada ya hayo waambieni mtakutana wapi kesho asubuhi, wangapi, na kila mmoja alete nini.

Yule kijana wa miaka kumi na saba sijamwona hadi leo. Nasikia yuko machimboni, ana mke na mtoto. Nikimpata nitamjibu swali lake, kwa kuchelewa, nami nitamwomba msamaha kabla sijamwambia neno lolote juu ya ubatizo.