Jina Lililokatwa kwa Kalamu: Masijala ya Kijiji na Kompyuta Inayokumbuka

Aifahamuye tarafa ya Mgeta, wilayani Mvomero, anajua kwamba huko ardhi si neno jepesi. Milima ya Uluguru imesimama wima, mashamba ya mboga na viazi yamechongwa ubavuni mwa mteremko, na upana wa hatua tatu unatosha kugombanisha koo mbili. Kwa jadi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mipaka yake iliishi vichwani mwa wazee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliongeza shahidi mwingine, yaani masijala ya ardhi ya kijiji. Haki ya mjane au ya yatima sasa inategemea pia mstari mmoja wa maandishi.

Daftari la karatasi lina udhaifu mwingi: panya, mvua, moto, kupotea. Lakini lina fadhila moja tusiyoithamini. Karani akikata jina kwa kalamu, jina la zamani bado linasomeka chini ya mstari. Hila huacha kovu. Kompyuta za kawaida hazina kovu. Anayefungua faili, akabadili jina la mmiliki na kulihifadhi, amelizika la jana pasipo kaburi. Tunapohimizana kuhamia dijitali, swali la kwanza lisiwe kasi ya mashine. Liwe hili: baada ya miaka kumi, nani ataweza kuonyesha kilichoandikwa kabla ya mabadiliko?

Wahandisi wameliuliza swali hili kwa miongo mingi. Mfumo wa VMS wa kampuni ya Digital, uliotoka katika miaka ya 1970, ulilipa kila toleo la faili namba yake: ukihifadhi upya, toleo la pili huzaliwa na la kwanza hubaki. Mwaka 1999 watafiti walieleza mfumo wa majaribio walioupa jina la Elephant, kwa kuwa tembo husifiwa kwa kutosahau. Hoja yao ilikuwa kwamba faili zote hazilingani: nyingine zinahitaji toleo la mwisho tu, nyingine matoleo yote, nyingine yatunzwe kwa muda fulani, na nyingine yabaki yale ya hatua muhimu pekee. Kumbe kusahau nako ni uamuzi, na uamuzi huhitaji sera.

Mfumo ulio rahisi kujaribiwa leo ni NILFS2, uliobuniwa na kampuni ya NTT ya Japani na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2009. Utendaji wake ataufahamu upesi anayejua kilimo cha kuhamahama. Mkulima wa namna hiyo halimi tena pale pale alipovuna. Hufungua eneo jipya na kuliacha la zamani lipumzike. NILFS2 nayo haiandiki juu ya maandishi ya zamani. Kila badiliko huandikwa sehemu mpya ya diski, na mfumo huweka kituo kinachoonyesha hali ya faili zote kwa wakati ule. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta hurejea kwenye kituo kizima cha mwisho. Diski inapoanza kujaa, programu ya usafi hupita na kufyeka vituo vya zamani, isipokuwa vile ambavyo msimamizi ameviwekea alama ya kutoguswa.

Wanafunzi wangu, jaribuni. Hakuna haja ya mashine ya gharama. Tengenezeni faili tupu la ukubwa wa gigabaiti moja katika kompyuta yenye Linux, mlitayarishe kwa amri ya mkfs.nilfs2, kisha mlipachike kama diski. Andikeni humo daftari la kubuni lenye viwanja vitano, mlihifadhi, kisha badilisheni jina la mmiliki mmoja. Amri ya lscp itaorodhesha vituo pamoja na saa zake. Chagueni kituo kilichotangulia badiliko, mkiwekee alama kwa chcp ss, halafu mkipachike kwa kusoma tu. Jina la awali litakuwa pale, halikuguswa. Msifanye jaribio hili kwa kumbukumbu halisi za mtu yeyote.

Sasa niseme pasipokamilika, maana mwanaharakati akiuzwa muujiza atadaiwa muujiza. Mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta anaweza kuondoa alama na kuvifuta vituo. Mfumo unaonyesha kilichobadilika na lini, wala haumtaji aliyeketi mbele ya kibodi. Diski ikiibwa au ikifa, historia yote huenda nayo, hivyo nakala mahali pengine ni lazima. Zaidi ya yote, kukumbuka kila kitu nako kuna madhara yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatambua kwamba taarifa za mtu zina mipaka ya matumizi na ya muda. Ofisi itakayohifadhi matoleo yote ya kila faili, pamoja na ya wagonjwa na ya watoto, itakuwa imetoka kosa moja na kuingia lingine. Funzo la Elephant linarudi hapo: masijala ya ardhi isisahau, barua ya kuomba likizo isahaulike.

Wapo watakaosema vijiji vina shida kubwa kuliko mifumo ya faili. Ni kweli barabara na zahanati haziwezi kungoja. Lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama, inapopima uzito wa kumbukumbu ya kielektroniki, itazame jinsi uadilifu wake ulivyolindwa. Ofisi isiyoweza kuonyesha jana ya faili lake inamwacha mwananchi mikono mitupu mbele ya hakimu. Na asiye na uwezo ndiye hupoteza kwanza, kwa kuwa mwenye uwezo ana wakili na ana nakala zake.

Uluguru inatufundisha jambo jingine. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wachimbe matuta kwa jina la kuhifadhi udongo. Mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukaachwa. Kuhifadhi udongo hakukuwa jambo baya. Ubaya ulikuwa katika kumtwisha mtu kazi asiyoshirikishwa kuipanga. Kompyuta nayo ikiletwa kijijini kwa amri, itapokewa hivyo hivyo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa watumishi wa halmashauri ni dogo. Kabla ya kununua mfumo wowote wa kumbukumbu za ardhi, muulizeni muuzaji awaonyeshe toleo la jana la faili alilolibadilisha leo mbele yenu. Akishindwa, msisaini. Akiweza, kiwekeeni alama kituo cha siku ya kila Mkutano Mkuu wa Kijiji, nakala moja ikae nje ya ofisi, na orodha ya mabadiliko isomwe hadharani mbele ya wenye mashamba. Mashine itunze toleo la zamani, na wanakijiji wawe na haki ya kuliomba na kulisoma.