Msaada wa Serikali Si Zawadi ya Chama

Mwananchi wa Nyaramba akisikia kwamba Serikali inatoa msaada kwa maskini, swali lake la kwanza si nani anayestahili, bali ni nani aliyeandika orodha. Alifundishwa kuuliza hivyo na utawala wa chama kimoja, enzi ambayo katika sehemu mbalimbali za Kenya mtu aliweza kuzuiwa kuingia sokoni kwa kukosa kadi ya KANU, na ambayo mwaka 1988 ilimpanga mlolongoni nyuma ya mgombea huku chifu akimtazama. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 na vyama vikawa vingi. Tabia ya kumpigisha maskini magoti ndipo apewe haki yake haikufutwa pamoja nacho.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inaitaka Serikali kuwapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Haisemi wale waliompigia kura fulani. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka 2018 ili uwafikie wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, uliwawekea shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni kidogo, na mara nyingi zimechelewa kwa miezi. Lakini kwa ajuza anayelea wajukuu kwenye kishamba kilichokwisha kugawanywa baina ya wana, ni unga, sabuni na dawa. Akiachwa nje kwa sababu mwaka wa kuzaliwa katika kitambulisho chake ulikosewa, au kwa sababu mwanawe hasikizani na mzee wa kijiji, nani atamwambia? Aghalabu hapewi jibu lolote ila kuambiwa asubiri.

Kuhusu ajira, historia ni fupi na ya kuhuzunisha. Kazi kwa Vijana ilianzishwa mwaka 2009. Kufikia 2011 Benki ya Dunia ilikuwa imeondoa ufadhili wake kwa sababu ya maswali juu ya matumizi ya fedha. Kazi Mtaani ya mwaka 2020 ililenga mitaa ya mabanda, kana kwamba umaskini haujui njia ya kufika kwenye majani chai na migomba. Kijana aliyefyeka nyasi kwa miezi michache alirudi alikotoka, bila ufundi na bila akiba.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza majina ya maskini ni kuwaaibisha. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatutaki nambari za vitambulisho wala za simu zibandikwe ukutani. Lakini umri wa mzee si siri kijijini. Kinachofichwa kwa kisingizio cha heshima ni jina la yule asiyestahili. (Na yale makanisa yanayompa mwanasiasa kipaza sauti kila anapoleta bahasha ya harambee yajiulize ni fedha za nani zimo ndani yake.)

Kwa hiyo tunadai orodha ya Inua Jamii isomwe hadharani katika baraza, kata ndogo kwa kata ndogo, na kila aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ofisi inayoombwa inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Wasabato na Wakatoliki, vikundi vya akina mama na vijana wa vyama vyote, waandike barua moja na kuitia sahihi pamoja. Ipelekwe ofisini na watu wasiopungua watatu, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye tarehe ibaki mikononi mwa walioipeleka.